ULIMI UWANJANI: NENO HALIISHI NA KIPENGA

(Mada iliyozungumzwa mbele ya vijana na wazazi katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Swahaba zake wote.



Mada tuliyonayo ni kejeli na matusi wanayotupiana wanamichezo wakubwa wa kulipwa, na adabu ya mchezo. Najua wako watakaosema, "Sasa hii nayo ni mada ya Ramadhan?" Naam, ni mada ya Ramadhan hasa. Hebu mtazame kijana wetu. Ameamka daku, amenuia, mchana kutwa hajaonja hata tone la maji. Ikifika alasiri anakwenda uwanjani kusubiri magharibi. Mpira ukianza tu, mara mama wa fulani ametajwa, rangi ya fulani imetajwa, na umaskini wa kwao fulani umetajwa. Tumbo limefunga, ulimi umefungua zamani! Ukimuuliza atakwambia, "Ah, huo ni mchezo tu. Hata mastaa wanafanya."

Basi hilo ndilo tutakaloliangalia, ndugu msomaji. Ni kweli mastaa wanafanya. Lakini je, neno la uwanjani linakwisha refa akipuliza kipenga? Ama linatoka uwanjani pamoja nawe na kukufuata nyumbani?

MANENO YANAUZA TIKETI

Kwanza tuwe waadilifu. Kutupiana vijembe hakukuanzia Marekani. Hapa kwetu Mwambao, wazee wetu walikuwa na ngoma za beni za mashindano, huku Mombasa na kule Lamu, na kila upande ulitunga maneno ya kuutia upande wa pili aibu. Na kujigamba kidogo, kusema "leo tutawafunga," hakujavunja nyumba ya mtu.

Ila kwa wanamichezo wa kulipwa maneno yamekuwa biashara. Muhammad Ali mwenyewe, bingwa wa ndondi, alieleza alivyojifunza. Mwaka 1961, akiwa bado kijana mdogo anayeitwa Cassius Clay, alikutana Las Vegas na mwanamieleka mmoja aliyejulikana kwa jina la Gorgeous George. Bwana huyu alikuwa akijisifu na kuwatukana wapinzani mpaka ukumbi unajaa watu waliolipa pesa zao ili wamwone akipigwa. Ali akaona, kumbe mdomo unajaza ukumbi! Akaichukua mbinu ile, akaipita hata ya mwalimu wake.

Sasa fahamu tofauti, kwa sababu hapa ndipo kiini cha maneno yetu kilipo. Ali aliposema yeye ni bora na yeye ni mzuri, alikuwa akiyasema katika nchi ambayo mtu mweusi alifundishwa kujiona duni. Vijana wengi weusi waliyasikia wakainua vichwa vyao. Huko ni kujisifu mwenyewe. Pengine kumezidi, lakini hakujamnyang'anya mtu kitu. Jambo la pili ni kumshika mwenzako ukamvua heshima yake mbele ya watu. Hilo si kujisifu tena. Hapo umechukua mali ya mtu, na mali ya mtu hudaiwa.

ALI NA FRAZIER

Waislamu tunampenda Muhammad Ali, na tuna haki ya kumpenda. Alifariki Juni 2016, siku chache kabla ya Ramadhan, na misikiti mingi ulimwenguni ilimwombea dua. Lakini kumpenda mtu si kuficha funzo lililomo katika maisha yake. Na funzo kubwa la ulimi limo katika kisa chake na Joe Frazier.

Mwaka 1967 Ali alikataa kuingia jeshini kwenda vita vya Vietnam. Akanyang'anywa ubingwa na leseni ya kupigana, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kazi yake. Katika shida ile, Frazier alikuwa miongoni mwa waliosimama naye. Alimtetea arudishiwe leseni, na hata kumsaidia kwa pesa. Leseni iliporudi, wakapangiwa kupigana tarehe 8 Machi 1971, Madison Square Garden, New York. Kila mmoja alipewa dola milioni 2.5, pesa ambazo hakuna bondia aliyekuwa amewahi kuzipata.

Kuuza pambano lile, Ali akaanza maneno. Akamwita Frazier kibaraka wa wazungu. Akasema ni mjinga, ni mbaya wa sura. Na Frazier alikuwa nani? Mtoto wa wakulima maskini weusi wa Beaufort, South Carolina, aliyelijua shamba na jua kuliko Ali aliyekulia mjini Louisville. Watu weusi wenziwe wakamwona msaliti, na watoto wake wakachokozwa shuleni kwa maneno ya Ali. Watoto walikuwa wamekosa nini? Hawakuwamo ulingoni.

Frazier alishinda usiku ule, akimwangusha Ali katika raundi ya 15. Januari 1974 wakarudiana, Ali akashinda. Mara ya tatu ilikuwa Ufilipino, tarehe 1 Oktoba 1975, pambano la Manila. Safari hii Ali alimwita mwenzake sokwe, na alikuwa akitembea na kisanamu kidogo cha sokwe akikipiga ngumi mbele ya waandishi wa habari, watu wakicheka. Walipigana raundi 14. Jicho la Frazier likafumba, na kocha wake, Eddie Futch, akamzuia asitoke raundi ya 15. Pambano likaisha.

Pambano liliisha, jamani, lakini maneno hayakuisha. Baada ya pambano Ali alimwita Marvis, mtoto wa kiume wa Frazier, akamwambia amfikishie baba yake kwamba hakukusudia yale aliyoyasema. Frazier akauliza, mbona haji kuniambia mwenyewe? Miaka ikapita. Mwaka 1996 Ali, mikono ikitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson, aliwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta, na dunia ikalia kwa huruma. Frazier hakulia. Alisema laiti angalimsukuma ndani ya moto ule. Tazama donda linavyokaa! Ngumi za Manila zilikuwa zimepoa miaka 20 nyuma, lakini lile jina la sokwe lilikuwa bado bichi.

Mwaka 2001, Ali alipohojiwa na gazeti la New York Times, alikiri kuwa alimwita Frazier majina ambayo hakustahili kumwita, akaomba radhi, akaeleza kuwa nia ilikuwa kulitangaza pambano. Frazier baadaye akasema kwamba radhi ile iliombwa kwa gazeti, haikuombwa kwake. Je, alikuwa na makosa? Sisi tunafundishwa kwamba haki ya mja hurudishwa kwa mja mwenyewe. Ukimtukana mtu mbele ya mtaa mzima, huwezi kumtuma mtoto wake akuombee radhi ukaona umemaliza.

Frazier alifariki Novemba 2011. Ali, akiwa hoi kwa maradhi, alisafiri mpaka Philadelphia kuhudhuria maziko yake. Aliyemkejeli alikuwa ndani ya jeneza. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu lile pambano la kwanza. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Na kuna jambo la ajabu zaidi. Ali mwenyewe aliyajua maumivu ya jina. Februari 1967, kule Houston, Ernie Terrell aliendelea kumwita Clay, jina aliloliacha aliposilimu. Ali alikasirika sana. Kwa raundi 15 alimpiga huku akimuuliza, jina langu nani? Mtu aliyechomwa hivyo kwa jina, miaka minne baadaye akamchoma mwenzake kwa majina. Kuonja uchungu peke yake hakumfundishi mtu kutowaonjesha wengine. Inataka kujikumbusha, na ndiyo maana tukapewa mwezi huu.

ALIYECHOKOZWA NAYE?

Kijana mmoja ataniuliza, "Sawa, na mimi nikitukanwa je? Ninyamaze?" Swali zuri. Tazama visa viwili.

Tarehe 9 Julai 2006, Berlin, fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ufaransa na Italia. Zinedine Zidane, mtoto wa wahamiaji wa Algeria aliyekulia Marseille, alikuwa akicheza mechi ya mwisho ya maisha yake. Alikwisha kufunga penalti dakika ya 7, na Marco Materazzi akaisawazishia Italia. Katika muda wa nyongeza, dakika ya 110, Materazzi alimtamkia neno. Zidane akageuka, akampiga kichwa cha kifua. Kadi nyekundu. Akapita ubavuni mwa kombe akiwa ameinama, na Italia ikalichukua kwa penalti 5-3.

Materazzi alikiri baadaye kwamba alimtaja dada yake kwa ubaya. FIFA iliwaadhibu wote wawili: Materazzi mechi mbili, Zidane mechi tatu, pamoja na faini. Nani aliyepoteza zaidi? Mwenye neno alirudi kwao na kombe. Mwenye hasira alirudi mikono mitupu, ikabidi atokee kwenye televisheni kuwaomba radhi watoto waliomwona.

Na hapa pana funzo jingine dogo. Mara baada ya mechi, habari zilienea kwamba Materazzi alimtukana Zidane kwa rangi na kwa ugaidi. Wengi wetu tuliishika habari ile na kuieneza barazani, kwa sababu ilitufurahisha kuiamini. Kumbe sivyo. Magazeti ya Uingereza yaliyoiandika yalilazimika kumwomba radhi na kumlipa fidia. Suratul Hujurat inatuamrisha kuzichunguza habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Hata mtu aliyetukosea ana haki ya kutozuliwa lisilokuwa lake.

Kisa cha pili ni cha Khabib Nurmagomedov wa Dagestan, Urusi. Tarehe 6 Oktoba 2018, Las Vegas, alipigana na Conor McGregor wa Ireland katika mashindano ya UFC. Kabla ya siku ile McGregor alikuwa ameitukana dini yake, baba yake na nchi yake, na mbele ya waandishi akamkaribisha ulevi akijua ni Mwislamu. Kejeli zile ziliuza: watazamaji milioni 2.4 walilipia pambano kwenye televisheni. Khabib hakujibu kwa matusi. Aliingia ulingoni akamshinda katika raundi ya nne mpaka McGregor akasalimu amri. Alhamdulillah, jambo lingeishia hapo lingekuwa zuri kweli kweli.

Lakini halikuishia hapo. Ushindi ukiwa tayari mkononi, Khabib aliruka uzio akamvamia mtu wa kambi ya McGregor, pakawa vurugu. Akapigwa faini ya dola 500,000 na kufungiwa miezi tisa. McGregor, mwenye matusi yote yale, alilipa dola 50,000. Usiku ule ule Khabib aliomba radhi, akasema akirudi nyumbani baba yake, aliyekuwa pia kocha wake, atamtia adabu. Angalieni, wazazi! Bingwa wa dunia, asiyewahi kushindwa, anaogopa uso wa baba yake kuliko tume ya Nevada. Hayo ni malezi.

Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu katika mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapokasirika. Mtu kama Khabib anaweza kumwangusha mwanamume yeyote, na dakika ile ile ikamwangusha hasira. Basi mimi na wewe tusijidanganye.

WALIOJIBU VINGINE

Je, iko njia ya tatu? Iko. Agosti 2006, mjini Colombo, timu ya kriketi ya Afrika Kusini ilikuwa ikicheza na Sri Lanka. Hashim Amla, Mwislamu wa Durban mwenye ndevu ndefu, akadaka mpira. Mtangazaji Dean Jones, mchezaji wa zamani wa Australia, akidhani sauti yake haiendi hewani, akamwita gaidi. Dunia ilisikia. Jones aliomba radhi, na kituo chake kikamfuta kazi.

Amla hakuligeuza kuwa vita. Aliendelea kucheza. Julai 2012, uwanja wa The Oval mjini London, dhidi ya Uingereza, alipata mikimbio 311 bila kutolewa. Hakuna mchezaji wa Afrika Kusini aliyekuwa amewahi kufikisha 300 katika mechi ya Test. Na mechi ile iliingia ndani ya Ramadhan. Yeye, akiwa msafiri, alitumia ruhusa ya msafiri. Wapenzi wa kriketi leo ukiwatajia Amla, wanakuhesabia mikimbio yake. Zile ndevu zimebaki kuwa sura ya heshima.

Na kisa cha mwisho kinatuhusu Wakenya. Mwanariadha wetu Abel Mutai alipata nishani ya shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London 2012. Desemba mwaka ule ule alikwenda kushindana mbio za nyika huko Burlada, Hispania. Alikuwa anaongoza vizuri, lakini akakosea, akadhani amekwisha kuvuka mstari, akapunguza mwendo akiwa amebakisha mita chache. Nyuma yake alikuwa Mhispania, Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita akashinda, na hakuna sheria ambayo ingemkataza. Hakumpita. Alibaki nyuma yake, akamwashiria kwa mikono, kwa kuwa hawakuwa na lugha moja, mpaka Mutai akavuka mstari kwanza.

Fikirini, ndugu zangu. Ali na Frazier walikuwa na lugha moja, nchi moja na rangi moja, na maneno yakawatenga miaka 40. Wawili hawa hawakuwa na neno hata moja la pamoja, na mmoja akamhifadhia mwenzake haki yake kwa ishara ya mkono.

TUFANYE NINI?

Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia akiitwa Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa katika mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake, akamshinda. Swahaba wakahuzunika. Mtume hakumkasirikia bedui wala hakumtafutia dosari ngamia wake. Aliwafahamisha kwamba hakuna kitu cha dunia kinachopanda juu ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Basi leo wewe ni bingwa wa mtaa, kesho atakuja mtoto kutoka mtaa wa pili akupige chenga. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nimalize kwa mambo manne tuyashike, Ramadhan hii na baada yake.

Kwanza, semeni mchezo, msimseme mtu. "Leo hupiti hapa" ni mchezo. Mama yake, baba yake, rangi yake, kabila lake, dini yake, kilema chake na umaskini wa kwao, hivyo si mchezo. Suratul Hujurat hiyo hiyo imekataza watu kudharauliana na kuitana majina ya kejeli, na haikubagua uwanja wa mpira. Na ninyi dada zetu mnaocheza netiboli shuleni, nanyi mmo.

Pili, ukichokozwa nawe umefunga, Mtume (S.A.W.) amekupa jibu: sema kwamba umefunga. Liseme kwa sauti, ulisikie wewe mwenyewe kabla ya yule aliyekuchokoza. Baada ya Ramadhan, lijibu kwa mguu.

Tatu, makocha na wazazi, msicheke. Mtoto akimtukana mwenzake, na wewe mtu mzima ukicheka pembeni ya uwanja, umekwisha kumfundisha. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Nne, na hili ndilo kubwa. Ikiwa yuko mtu uliyemvunjia heshima uwanjani, usiseme "ilikuwa mechi tu, amesahau." Frazier hakusahau. Usimtume rafiki, wala usimwandikie tu ujumbe kwenye simu. Nenda wewe mwenyewe, leo baada ya tarawehe. Mpe mkono, mwambie, "Ndugu yangu, neno lile lilikuwa baya, niwie radhi." Ni dakika moja tu. Ali alikuwa na miaka 40 ya kulisema neno hilo uso kwa uso, na safari yake ya mwisho kwa Frazier ikawa ya mazikoni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, azihifadhi ndimi zetu kama alivyotuwezesha kuyafunga matumbo yetu, atupatanishe na wale tuliowakosea kabla ya siku ya Idi, na amrehemu ndugu yetu Muhammad Ali. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.